Bahasha nyekundu kwenye koti la baba

Ilikua Jumamosi ya mwanzo wa Oktoba, nimetoa makoti yote ya baridi kabatini nimeyatandaza kitandani nichague ya kugawa, maana kuna familia ya Wakongo imefika hapa Columbus, Marekani, mwezi wa tisa, watoto wanne, na baba yao hana hata sweta la maana na baridi ya Ohio ikija inakuja kweli. Koti la kijivu nililiweka upande wa kugawa bila kusita, ni kubwa, zito, zipu nzima. Halafu nikapitisha mkono mifukoni kama navyofanya siku zote. Mfuko wa kushoto tishu. Wa kulia peremende mbili zimegandana. Mfuko wa ndani, ule wa kifuani, nikagusa kitu bapa kigumu.

Nikakitoa. Bahasha nyekundu.

Imefungwa vizuri, gundi bado imeshika, kona moja tu ndio imekunjika. Ndani kuna dividii, unaisikia kwa kidole duara lake na lile tundu la katikati.

Nilikaa kitandani juu ya makoti ya watu nikaishika kwa muda mrefu sana. Lile koti ni la baba. Na ile bahasha nilishawaambia watu, tena kwa maandishi, kwamba imepotea posta. Mwanzoni mwa 2013 hiyo, miaka 12 iliyopita.

Hili jambo limenikaa wiki ya sita sasa, silali vizuri, ndio maana naandika.

Vitu vya watu

Baba alikuja Septemba 2012. Mama alikua amefariki mwaka mmoja nyuma yake, na sisi watoto tukakubaliana aje kwangu apumzike kidogo na ile nyumba ya Tanga. Mimi nilikua nafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, narudi asubuhi nimechoka nalala, yeye yuko macho peke yake kwenye apatimenti, nje hakuna anayemjua, na televisheni inaongea Kiingereza cha haraka ambacho sio kile Kiingereza chake cha stoo.

Baba alikua mtunza stoo kwenye shamba la mkonge huko Muheza miaka mingi. Visu vya kukatia, magunia, buti, vipuri vya mashine, vyote vilipita mikononi mwake, kinachoingia kinaandikwa na kinachotoka kinaandikwa, na mkataji asiyerudisha kisu hapewi kingine.

Alichokipenda ni sinema za farasi na bunduki, zile alizoziona Majestic pale Tanga akiwa kijana. Kwenye kustrimu, yaani kuangalia moja kwa moja kwenye intaneti, za aina ile zilikua chache mno wakati ule. Kwenye dividii zilikuwepo nyingi tu, na Netflix, ile kampuni ya kukodisha sinema, bado walikua wanazituma kwa posta. Mimi nilikua nalipa dola 7.99 kwa mwezi, mpango wa diski moja moja: unaletewa moja, unaangalia, unairudisha kwenye bahasha ile ile waliyokutumia, unachana kipande cha juu, unageuza, anwani yao ishaandikwa na stempu ishalipiwa, halafu wakiipokea ndio wanakutumia inayofuata kwenye orodha yako. Faini ya kuchelewa hakuna. Kaa nayo hata mwaka ukitaka, ila na wewe hupati nyingine.

Nilipomweleza hivyo baba alicheka kwa furaha kabisa. "Hii ni stoo," akasema. "Hii ni stoo hasa."

Kesho yake akaniomba nimnunulie kaunta buku. Akachora mistari kwa rula: namba, jina, imeingia, imetoka. Kila sinema iliyofika aliiandika, na kila aliyoirudisha aliandika tarehe. Kurudisha ikawa kazi yake, mimi sikutakiwa hata kugusa. Lile sanduku la bluu la posta lilikua karibu na kituo cha mafuta, mwendo wa dakika kumi kwa mguu wake, na alishasoma ile karatasi iliyobandikwa inayoonyesha saa ya mwisho ya kuchukua barua, saa kumi jioni. Basi yeye anafika saa tisa na nusu. Kamwe hakutumbukiza bahasha usiku, wala siku ambayo gari la posta halipiti. Nilimwambia baba hilo ni sanduku la chuma lina kufuli, hakuna atakayeiba, weka tu.

"Mali ya mtu hailazwi nje, mwanangu."

Ndio jibu lake, kila nilipouliza.

Jumapili ile

Aliondoka Jumapili tarehe 17 Februari 2013. Kuna theluji nje, mimi sijalala, dada yangu wa Minnesota anapiga simu kila baada ya nusu saa anauliza mmefika wapi. Jumapili posta hawachukui barua. Na Jumatatu yake ilikua sikukuu ya serikali, ile wanayoiita Siku ya Marais, posta imefungwa tena. Mimi sikua na habari ya hiyo sikukuu. Baba alikua nayo, maana kalenda ya kwenye friji alikua anaisoma kila siku.

Tumefika uwanja wa ndege, tumesimama pale mwisho ambapo asiyesafiri haendi mbele, baba akavua koti. Akasema huko Dar joto, hili litanisumbua njiani, kaa nalo. Akalikunja vizuri akaniwekea mikononi. Mimi nalia. Akaniangalia usoni akasema, "Haya, nimekukabidhi."

Kwa miaka 12 nilikua naamini alinikabidhi kwa Mungu.

"Sawa baba"

Wiki mbili zikapita sipati ile imeili ya kuniambia diski yako imefika. Nikampigia Tanga.

"Shikamoo baba. Ile bahasha ya mwisho uliiposti?"

"Marahaba. Si nilikukabidhi wewe."

"Hapana baba, mimi hukunipa."

"Nilikukabidhi, mwanangu. Uwanja wa ndege."

Hapa ndio panaponiuma, na nitapaandika kama palivyokua.

Kazini kwangu kuna wazee ambao akili zao zimeanza kuondoka. Mtu anakwambia nilikupa pete yangu jana, na jana wewe hukuwepo kazini. Tumefundishwa tusibishane nao, unatuliza sauti, unaipunguza, unakubali kwa upole halafu unahamisha mazungumzo. Ni sauti nzuri, inasaidia kweli, nimeitumia kwa watu wengi na sijutii. Siku ile nilimtolea baba yangu ile sauti.

"Sawa baba, labda nimesahau mimi. Umekula?"

Akanyamaza kidogo. Akasema amekula.

Baada ya kukata simu nikafanya mambo mawili. La kwanza, niliingia kwenye akaunti yangu, kuna sehemu ya kuripoti matatizo, nikachagua jibu la kwamba diski nilishaituma na haijafika. Hawakuniuliza swali hata moja. Hakuna fomu, hakuna dola iliyokatwa, wakatuma inayofuata. Na kwa miaka yote hiyo kila ikitokea habari ya posta mimi nilikua mtu wa kusema posta walinipotezea dividii, nikamsingizia mpeleka barua ambaye hakuwahi hata kuigusa.

La pili, nilimpigia kaka. Nikamwambia baba ameanza kusahau, tena anasisitiza.

Mnaojua familia zetu mnajua simu kama ile inafanya nini. Baba ndiye alikua anashika hela ya familia, ile michango yetu ya kila mwezi ya kiwanja na ya dharura za misiba, imeandikwa senti kwa senti. Haikupita miezi mitatu kaka akaichukua. Kwa heshima kabisa, eti baba upumzike. Baba akatoa daftari, akatoa funguo ya kisanduku, akahesabu mbele ya shahidi, hesabu ikawa sawa. Hakulalamika. Na baada ya hapo hakuna mtu aliyempa baba kitu cha kutunza.

Kampuni ya watu wasionijua iliniamini mimi, na nilichowaambia hakikua kweli. Mimi sikumwamini baba, na alichoniambia kilikua kweli tupu.

Ingekwenda wapi

Wiki ya kwanza baada ya kuiona sikumwambia mtu. Nilikua naigeuza tu bahasha, nasoma ile anwani, halafu nikaanza kufuatilia, hivi ningeiposti wakati ule ingekwenda wapi, nani angeifungua. Nadhani nilikua natafuta mahali pa kuipeleka.

Wale jamaa wawili walioanzisha Netflix, Reed Hastings na Marc Randolph, mwaka 1997 dividii ndio kwanza zimeingia Marekani. Kaseti ya video ni nzito na ni nene, kuituma ni gharama. Diski ni sentimita 12 kwa upana, unene milimita 1.2, uzito kama gramu 16 tu. Wakanunua sidii ya muziki wakaiweka kwenye bahasha ya kadi wakajitumia nyumbani kwa Hastings, Santa Cruz, waone itavunjika au itafika. Ikafika nzima. Machi 1998 wakatuma diski ya kwanza kwa mteja, na Septemba 1999 wakaanza mpango wa kulipia kwa mwezi, ndipo faini za kuchelewesha zikafa.

Kilichonishangaza zaidi ni kinachotokea ukishatumbukiza. Mimi nilidhani mashine zinafanya yote. Kumbe zile bahasha za kurudi zilikua laini mno, zikikwama kwenye mashine za posta zinachanika, na mwaka 2007 mkaguzi wa ndani wa posta yao aliandika ripoti kwamba karibu asilimia 70 ya bahasha zile zilikua zinashughulikiwa kwa mkono, na gharama yake kwa miaka miwili ilifika dola milioni 41.9. Kampuni nyingine iliyokua inakodisha gemu kwa posta, GameFly, ikalalamika mwaka 2009 kwamba huu ni upendeleo, mbona diski zetu mnaziingiza kwenye mashine zinavunjika na za wenzetu mnazipa mikono ya watu. Kesi ikaenda mpaka mahakama ya rufaa ya Washington, ambayo Januari 2013 iliirudisha kwa tume ya posta, ikitaka waeleze kwanini bado wanaacha tofauti ile. Januari 2013! Mwezi mmoja kabla ya baba kuondoka watu wazima na mawakili wao wamekaa mahakamani wanabishania bahasha kama hii niliyoishika.

Huko ghalani kwa Netflix nako kulikua na mtu. Anafungua bahasha, anaangalia kama diski ndiyo ile iliyoandikwa kwenye karatasi yake, anaigeuza kwenye mwanga aone mikwaruzo, anaipitisha. Diski nyingi hazikukaa hata rafuni, ikiingia asubuhi imeshaombwa na mtu mwingine na inatoka siku hiyo hiyo. Nilipofika hapo nilimuelewa baba upya. Yeye alishajua kwamba kuna mtu wa mbele anasubiri, bila kusoma ripoti yoyote. Kuna siku alinikuta nimelala na diski imekaa mezani siku ya nne, akaniamsha, mimi nimetoka shifti, nikamjibu kwa hasira baba hakuna faini! Akasema najua hakuna faini, ila kuna mwenzio.

Na zile sinema zake za farasi kwanini zilikuwepo kwenye dividii na kwenye kustrimu hazipo, hilo nalo nilikua silijui vizuri. Sheria ya hakimiliki ya hapa inasema ukinunua nakala halali ya filamu, ile nakala ni yako, unaweza kuiuza, kuiazimisha, kuikodisha, huombi ruhusa kwa mtu. Kustrimu ni mkataba, mwenye filamu akikataa au muda ukiisha inaondoka. Kwa hiyo diski ile iliyokua mfukoni mwa baba ilikua na mwenyewe kabisa, imenunuliwa.

Ndio kinachonisumbua.

Ruhusa ya kubaki nayo

Wengi mtaniambia dada achana nayo, ile huduma ilishakufa. Kweli. Walitangaza tarehe 18 Aprili 2023, na tarehe 29 Septemba mwaka ule ule wakatuma diski za mwisho, baada ya miaka 25 na diski zaidi ya bilioni 5.2. Waliokua na diski mikononi siku ile wakaambiwa wabaki nazo, hakuna atakayedaiwa. Mimi nilishajitoa miaka mingi kabla ya hapo, lakini niliisoma ile habari na nakumbuka nilifurahi, nikaona wamewaaga watu kiungwana.

Sasa nikawa najiambia, basi na hii imo humo humo. Imesamehewa. Siku mbili tatu nikapata usingizi.

Halafu nikaona hiyo faraja hainishiki. Kwanza maghala yenyewe hayapo, hata nikienda na bahasha hii posta sijui nimwambie nini yule mtu wa dirishani. Nilifikiria kununua stempu zangu niitume makao makuu yao na barua ndani. Nikaandika barua. Nikaisoma, nikaona ninachoomba ni mtu huko asiyenijua anijibu kwamba hakuna shida, nikaichana.

Nikampigia kaka kwanza. Nikamsimulia yote, koti, mfuko, tarehe. Alikaa kimya nikadhani simu imekatika.

"Dada," akasema, "ile hela si tulimnyang'anya."

Hilo neno alilisema yeye, mimi nilikua nazunguka wiki tatu sijathubutu kulisema.

Simu

Nilimpigia baba Jumapili, nimetoka kazini, huku saa mbili asubuhi, kwao saa tisa mchana. Ana miaka 81 sasa. Masikio yamepungua kidogo, unaongea taratibu, lakini vitu anavikumbuka kuliko mimi, na hilo tungelijua zamani kama tungekua tunamuuliza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, umetoka kazini?"

Nikasema nimetoka. Nikasema baba, ile bahasha nimeiona.

Sikumwambia bahasha gani. Nilikua nimejiandaa kueleza, nianzie mwaka 2013, nimkumbushe zile sinema.

"Mfuko wa ndani," akasema.

"Ndio baba. Mfuko wa ndani."

Nikamuomba radhi. Nililia, na sikuweza kusema vizuri, nikasema niliwaambia wenzangu umeanza kusahau, na mimi ndiye sikusikia. Baba akasema haya, haya, basi, kama unavyomwambia mtoto aliyeanguka. Akaniacha nikamaliza. Halafu akauliza:

"Umeirudisha?"

Nikamweleza. Kwamba ile kazi walishaifunga, maghala yamefungwa, na kwamba mwisho waliwaambia watu wote wenye diski wabaki nazo, zimekua zao.

"Hao waliosema watu wabaki nazo," akasema, "walikua wanajua kama wewe unayo?"

"Hapana baba. Niliwaambia imepotea."

"Eeh."

Akaniambia subiri. Nikasikia kiti kinasogezwa, mlango wa kabati, kimya kirefu, mtoto wa jirani anapiga kelele huko nje. Nikajua anachokifuata kabla hajarudi, ingawa sikuwahi kufikiria kama alisafiri nacho na kama bado anacho.

Akarudi kwenye simu, anahema kidogo. Nikasikia kurasa.

"Namba 43," akasoma. "Imeingia tarehe 14, mwezi wa pili, 2013. Imetoka, hapa pako wazi." Akakohoa. "Hapa pamekaa wazi siku zote, mwanangu. Sasa niandike nini?"

Sikua na jibu. Nikamwomba anipe siku chache nifikirie, akasema hakuna haraka, atalifunga daftari aliweke pale pale.

Mwezi huu kaka ameipeleka kwa baba ile hela ya michango, pamoja na kisanduku na funguo. Baba kaihesabu mbele ya shahidi.

Koti nimewapa wale Wakongo. Bahasha iko hapa mezani, sijaifungua.